Nimeng'arisha Vibati vya Mume Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo mnunuzi wa vyuma chakavu hupita mtaani kwetu, na mume wangu ameshamwambia abishe hodi achukue boksi zima. Mimi ni fundi cherehani, yeye ni fundi umeme, na tangu anioe ana boksi la bati chini ya kitanda, limejaa vikorokoro anavyoviita mkusanyiko wake: noti za kuchezea watoto, sarafu za plastiki za mashine za michezo, tiketi za chakula za viwanda vilivyokwisha kufungwa, kadi za vibarua, na vibati vya shaba vyenye namba, ambavyo zamani mfanyakazi aliviacha stoo ili apewe nyundo au msumeno. Mimi nilikuwa namtania tu, namwambia baba watoto wewe ni tajiri asiyeweza kununua hata chumvi, naye anacheka.

Basi wiki iliyopita akasema mwalimu mmoja mstaafu, naye mkusanyaji, atakuja kuviona, nami nikaona haya, mgeni aje kushika uchafu ndani ya nyumba yangu, hivyo mwenzangu alipokwenda kazini nikavitoa vyote, nikavisugua kwa limau na majivu na waya wa sufuria mpaka vikang'aa, na zile noti nikazinyunyizia maji nikazipiga pasi kama kola ya shati, nyingine zikatoka rangi. Mwalimu alipofungua boksi akauliza kwa upole, "Nani ameviosha hivi?" Kumbe wenye mambo yao hawaoshi, ule weusi wa mikono ya watu ndio wanaoutafuta! Mume wangu akachukua kibati kimoja, akakigeuza, akakigeuza tena, akaniambia, "Umefanya kazi kubwa, mama watoto," akafunika boksi.

Laiti angenigombeza. Wifi yangu ndiye aliyeniambia baadaye kwamba kile kibati alichokigeuza kilikuwa cha baba yao, aliyefariki mume wangu akiwa mdogo, na namba yake ilikuwa inaonekana kwa shida sana, sasa nimeifuta kabisa. Kaka yangu ni mchonga mihuri, anasema ataigonga upya ile namba, atakipaka masizi, na shemeji yake hatajua kitu. Je, nikubali? Nyumba imetulia, mshauri, lakini si utulivu wetu ule.

Mama Pasi

Mama Pasi, pole sana, na pale kwenye kola nimecheka, unisamehe. Hukuwa na nia mbaya. Ila umegusa kitu cha mtu bila kumuuliza, na kwa hilo nakugombeza mimi, maana mwenyewe ameshindwa. Miaka yote hiyo boksi liko chini ya kitanda unacholalia, na habari za kibati cha mkweo unakuja kuzipata kwa wifi! Utani wako ulikuwa mtamu, sawa, lakini mtu anayetaniwa kila siku huacha kusimulia.

Kaka yako mwambie asante, na abaki na mihuri yake. Njia ya mwongo ni fupi. Mumeo anakijua kile kibati kwa kidole, na siku atakapogundua kimoja kimeghushiwa atavitilia shaka vyote, na wewe mwenyewe humo humo.

Boksi usilifiche, wala usimzuie kwa kelele. Mwombe tu Jumamosi hii ipite, kwa sababu wewe bado hujavijua vitu vyake. Anavitoa kwa kuwa anadhani hapo nyumbani hakuna mwingine anayevitaka. Namba imekwenda na hairudi. Mwambie hivyo hivyo, kwa samahani moja iliyonyooka, na machozi usiyatangulize, asije akaanza kukubembeleza wewe.

Leo funga cherehani mapema. Kaa karibu naye, mwekee kile kibati mkononi, umuulize, "Baba yetu alikuwa mtu wa namna gani?" Kisha nyamaza, hata akichelewa kujibu.