Miwani Mipya ya Baba Upendo

Baba Upendo,

Maharage yako jikoni, usiyaache yaungue. Ngazi ushuke polepole: kioo cha miwani hiyo mipya juu ni cha kutazamia mbali, chini ni cha kusomea.

Naenda Muyinga kwenye harusi ya mdogo wangu nikiwa na kitenge cha zamani, maana pesa ya kipya ndiyo iliyolipia miwani yako kwa Nizar, muuza miwani. Hata fremu nimekuchagulia mimi. Leo asubuhi unaivaa mara ya kwanza, unanitazama, unasema, "Kumbe una mvi!" Haya, asante.

~~Nakaa huko wiki nzima.~~ Narudi kesho jioni. Uje stendi ya Gitega kunipokea, na safari hii usimbebee mama mwingine mzigo. Mimi ndiye mwenye mvi.

Mkeo, Mama Upendo