Somo Lililobaki Chini ya Fomu

Sironga,
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mjukuu wangu Nyanchera,

Kuna jambo nimelificha miaka hamsini na moja. Linahusu chuo, na hata magokoro wako, mke wangu wa miaka arobaini na minane, ambaye hujua miwani yangu iko wapi kabla sijaipoteza, halijui. Nimeamua kukuambia wewe kwanza. Ila si leo, maana leo nataka kukusalimu tu.

Hujambo? Chumba cha Nyanchwa hakivuji? Mwenzako Ashley bado anakoroma? Sisi huku tu wazima, ukiacha moyo wangu. Daktari anasema unafanya kazi kama mwalimu aliyebakiza wiki moja astaafu. Magokoro wako huchuma majani chai asubuhi, na mchana huja kunikemea. Tumejaliwa.

Utauliza kwa nini nakuandikia ilhali kutoka hapa hadi Kisii si mbali. Kwanza, masikio yangu yamekataa simu. Pili, ukija hapa nitakuchekesha tu mpaka jua litue, na lile jambo litarudi mafichoni. Kwa hiyo tuandikiane. Jirani yetu Damaris hupeleka ndizi soko la Daraja Mbili kila Jumatatu na Alhamisi, naye atabeba barua zetu. Ameshaniuliza, "Mwalimu, hizi ni za mapenzi?" Nimemwambia ndiyo.

Sasa kazi. Nasikia chuo kinataka ujaze fomu ya mpango wa miaka minne ya Sayansi ya Siasa. Niletee nakala. Mtu wa kwanza wa ukoo huu kusoma Siasa nilikuwa mimi, nawe ni wa pili. Kati yetu kuna wauguzi na mafundi bomba tu. Nataka kuona utapita wapi. Nikiuona mpango wako nitajua namna ya kukuambia ninalotaka kukuambia.

Sokoro wako,
Machogu


Nyanchwa, Kisii
Jumatano, 17 Septemba 2025

Sokoro wangu mpendwa,

Shikamoo. Moyo unaendeleaje? Uambie kengele ya kwenda nyumbani haijalia bado. Mimi ni mzima. Ashley anakoroma kama pikipiki iliyobeba watu watatu ikipanda kilima hiki, lakini anapika vizuri obokima, ule ugali wetu wa wimbi, kwa hiyo nimemsamehe.

Nakala ya fomu iko ndani ya bahasha. Mwaka wa kwanza nimeweka Utangulizi wa Siasa, Historia ya Kenya na Katiba. Mwaka wa pili nina Fikra za Kisiasa, Siasa za Afrika na Utawala wa Kaunti. Wa tatu ni Uhusiano wa Kimataifa, Vyama na Uchaguzi, halafu mafunzo ya nje, na nitaomba nipelekwe bunge la kaunti ya Nyamira ili nije kulala kwenu kila siku. Mwaka wa nne nitaandika utafiti kuhusu wachuuzi wa ndizi na jinsi wanavyochagua viongozi wao wa soko. Nitahoji wanawake mia moja. Wa kwanza ni Damaris. Amekubali, mradi niandike kwamba ana miaka arobaini.

Kuna pia Takwimu, somo la lazima. Hilo nimeliweka mwisho wa mwaka wa nne.

Mshauri wangu wa masomo, Bi. Gladys, amesema fomu irudi Ijumaa, tarehe 17 Oktoba, na ikishapigwa muhuri haibadilishwi.

Sasa niambie, ni jambo gani? Ashley anasema lazima una mtoto Mombasa. Nimemwambia wewe huwezi kuficha hata peremende kanisani.

Mjukuu wako,
Nyanchera


Sironga,
Jumapili, 21 Septemba 2025

Nyanchera wangu,

Pokea salamu za watu wawili na ng'ombe mmoja, ambaye amezaa. Nimelala vizuri siku tatu mfululizo, na ugonjwa wangu wa sasa ni fomu yako. Nimeisoma mara nne, mara ya tatu kwa sauti. Magokoro wako akauliza kutoka jikoni, "Unamhubiria nani?" Nikamjibu, "Nasoma miaka minne ya mjukuu wako." Akaja akaketi, akaniambia nianze upya.

Tumekubaliana hivi. Fikra za Kisiasa na Siasa za Afrika usizibebe muhula mmoja. Yote mawili ni masomo ya vitabu vinene, na utalala na viatu. Utawala wa Kaunti ulete mwaka wa kwanza, maana utakusaidia kuelewa kelele unazosikia redioni kila asubuhi. Mafunzo ya nje Nyamira tumeyapitisha kwa kura mbili dhidi ya sufuri kabla hujamaliza sentensi. Magokoro amependa sana utafiti wa wachuuzi. Anasema umwulize Damaris ni nani alimpigia kura mwenyekiti aliyepita, maana wote wanakataa.

Lakini Takwimu, Nyanchera. Umeiacha chini kabisa, peke yake, kama mgeni aliyeketishwa karibu na mlango ili aondoke mapema. Kwa nini? Utahoji wanawake mia moja kwanza, ndipo ujifunze kupanga majibu yao? Huko ni kuvuna ndipo ukatafute kikapu. Lipandishe somo hilo.

Tena niletee kurasa za mwanzo za kitabu chake. Nataka kuona kama bado kinauma.

Sokoro wako,
Machogu


Nyanchwa, Kisii
Jumatano, 24 Septemba 2025

Sokoro wangu,

Natumaini wewe, magokoro na huyo ndama mnaendelea vyema. Mimi sina homa wala kikohozi. Nina siri ndogo, na kwa kuwa wewe una yako, hii hapa yangu.

Sikuiweka Takwimu chini kwa kusahau. Somo hilo hufundishwa mara mbili. Mwaka wa pili ni Jumanne asubuhi. Mwaka wa nne ni Jumamosi tu, kwa ajili ya wanafunzi walio kazini. Na Job wa mwaka wa nne ameniambia kwamba Msabato akileta barua ya kanisa, idara humpa somo jingine badala yake. Unaona? Naisubiri ifike Jumamosi, kisha naikataa.

Barua inatiwa sahihi na mzee wa kanisa, na Bi. Gladys anataka iambatishwe na fomu tangu sasa. Nimeshaiandika, imo ndani ya bahasha hii. Mzee wa kanisa ni wewe.

Nani atauliza maswali akiona jina lako? Kila Siku ya Vijana tunasimuliwa: kijana Machogu wa Sironga aliwekewa mtihani wake wa mwisho siku ya Sabato, akaiacha digrii mezani, akarudi nyumbani na imani yake. Nilipokuwa na miaka tisa niliigiza wewe. Nilivaa koti lako likaburuta sakafuni, na binamu yangu Mong'ina alikuwa Shetani mwenye kalamu. Watu walilia, Sokoro! Nilikuwa sijui maana ya digrii, lakini nilijua nataka kuwa wewe.

Sawa, nakiri kidogo. Hisabati nilipata D, na nikiiona ile herufi ya Kigiriki iliyokunjika kama mguu wa panzi, nafunga kitabu. Lakini sidanganyi mtu. Darasa ni Jumamosi kweli.

Kurasa ulizoomba hizi hapa. Zinauma.

Mjukuu wako,
Nyanchera


Nyanchwa, Kisii
Jumatano, 8 Oktoba 2025

Sokoro wangu,

Sijui nikusalimu vipi. Wiki mbili sijapata barua. Mwanzoni nilidhani umekasirika. Kisha Damaris akaniambia ulilazwa Nyamira siku sita, kwamba sasa uko nyumbani na umeanza kumkosoa magokoro namna ya kusonga uji, nikajua umepona kidogo. Nilianza kufungasha nije. Damaris akanizuia pale sokoni, mikono kiunoni: "Mwalimu amesema usije kabla hujasoma barua yake. Mimi ni posta tu, usinipige." Kisha akasema, "Na alipokuwa hospitali aliomba rula."

Rula ya nini, Sokoro?

Ile barua ya kanisa isikusumbue. Zimebaki siku tisa. Kama mkono bado hauna nguvu, nitamwomba Okemwa, mzee mwenzako wa kanisa, aitie sahihi. Wewe pumzika, ule, na usinifie kabla hujaniambia habari za huyo mtoto wa Mombasa.

Mjukuu wako akupendaye,
Nyanchera


Sironga,
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Nyanchera wangu,

Usimwombe Okemwa.

Sasa nakusalimu. Mimi ni mzima kwa kiasi changu: nakula, natania, na ngazi ya mlangoni naipanda kwa awamu mbili. Daktari ameniambia ukweli kwa upole na nimemshukuru. Nina miaka sabini na mitano na sidai kitu. Usilie juu ya karatasi hii, wino wake ni wa bei rahisi.

Rula ilikuwa ya Takwimu. Nililala na kurasa zako chini ya mto, na nilipoamka sikuwa na pa kukimbilia, maana nilikuwa nimefungwa sindano mkononi. Nikasoma. Nilianza hospitalini, nikamalizia hapa nyumbani. Nimehesabu mikungu aliyopeleka Damaris Jumatatu nne: kumi na minne, tisa, kumi na saba, kumi na miwili. Wastani ni kumi na mitatu. Nimeichora na nguzo zake. Nyanchera, ni rahisi! Ni kama kumimina uji wa vikombe vyote ndani ya sufuria moja, kisha kuugawa tena ili mtoto yeyote asinung'unike. Siku nilipolielewa hilo nilicheka peke yangu kitandani hadi muuguzi Nyakerario akaja mbio kunipima moyo. Nikamwonyesha mchoro. Akautazama sana, akasema, "Mzee, nguzo ya tatu imepinda." Kweli ilikuwa imepinda. Nikaomba rula.

Na ule mguu wa panzi unaouogopa, unajua unasema nini? Unasema "jumlisha." Basi. Miaka yote hii umesimama pale ukisema "jumlisha," wala haujamng'ata mtu.

Barua ya kanisa sikuitia sahihi. Nimeikunja mara nne nikaiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba, na sasa haiyumbi. Sabato naipenda tangu utoto wangu. Ni siku ya kupumzika mbele za Mungu. Haikuwekwa iwe kichaka cha kujifichia. Darasa ni Jumamosi kweli, unasema. Lakini wewe ndiwe uliyelipeleka huko. Sikulaumu. Ulijifunza njia hiyo kutoka kwetu, tena tukiwa tumekuvika koti.

Nikuambie sasa ilivyokuwa. Mwaka 1974 nilikuwa nimebakiza mtihani mmoja, wa Takwimu. Masomo mengine yote niliyapenda nikayamaliza. Hilo nililiacha chini, kama wewe. Siku yenyewe nilinyoa ndevu, nikanywa uji, nikachonga penseli mbili. Nilifika mlangoni. Nilisikia viti vikiburutwa ndani. Msimamizi akaniita, "Ingia, kijana, tunaanza." Miguu haikuingia. Niliketi kwenye ngazi mpaka wenzangu wakatoka wakibishana kuhusu swali la tano, na penseli zangu zilikuwa bado na ncha.

Hapa Sironga nilifika Ijumaa, jua likizama, Sabato ikiingia. Baba yangu, Mokua, mzee wa kanisa kabla yangu, alikuwa amesimama uani. Alijua nimebakiza mtihani mmoja. Alitazama mkoba wangu, akatazama jua, akauliza, "Wamekuwekea kesho?" Mwaka uliotangulia vijana wawili wa kanisa letu walikuwa wamepatwa na jambo kama hilo, naye alikuwa akiwaombea kila asubuhi. Niliinamisha kichwa. Mzee yule hakuwahi kunikumbatia tangu nizaliwe, lakini siku hiyo alinikumbatia, na mkoba wangu ukaanguka. Asubuhi alisimama mbele ya kanisa akalia kwa furaha. Mimi nilikuwa nimeketi benchi la pili, nikitazama viatu vyangu. Nilisema nitamwambia Jumapili. Jumapili watu walikuja na ndizi, wimbi na jogoo wawili kumpongeza. Kisha ikawa mwezi, kisha ikawa watu wanasimulia, kisha ikawa watoto wanaigiza.

Jana baada ya ibada nilimwambia magokoro wako yote. Alicheka hadi akaketi juu ya gunia la mahindi. "Na mimi nilijigamba kwa dada zangu wote kwamba nimeolewa na shujaa!" Akafuta macho. Kisha akasema, "Ningekuja hata hivyo." Ameniongezea maziwa kwenye uji asubuhi hii. Sijalala usingizi kama wa jana tangu nikiwa kijana.

Mchungaji pia amenipa nafasi Siku ya Vijana mwezi ujao. Moyo ukikubali nitasimama mwenyewe. Ukikataa, utawasomea barua hii, na Mong'ina asimame karibu nawe na kalamu yake. Safari hii awe malaika.

Nakala ya fomu yako nairudisha. Takwimu nimeipandisha kwa penseli hadi mwaka wa pili, Jumanne asubuhi. Ni penseli tu, unaweza kuifuta. Digrii ni yako. Lakini ukiikubali, fika mlangoni, usikilize viti vikiburutwa, kisha uingie. Ukipata D, ni D ya mtu aliyeketi ndani.

Sasa njoo Ijumaa ukishairudisha fomu. Njoo na maswali ya sura ya pili, maana sura ya kwanza nimeimaliza na ninajisikia mwanafunzi.

Limebaki jambo lenyewe, lile ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza waziwazi. Nitaweka jina kwanza, kama mtu anavyoandika jina juu ya karatasi ya mtihani kabla hajajibu swali, ili nisiweze kusema karatasi hii si yangu.

Sokoro wako,
Machogu wa Mokua

Mtihani ule ulikuwa Jumanne, tarehe 12 Machi, saa tatu asubuhi.