Nani Atakukanda, Mwanaisha?

Mtawanya,
Mtwara.
9 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Mwanaisha,

Assalaam alaykum. U mzima huko Mwanza? Mgongo haukusumbui? Unakula vizuri? Nauliza kwa sababu, utaiona. Sisi tunamshukuru Mungu. Shemeji yako Bakari kifua kimepona, na korosho mwaka huu zimeanguka hata uani hakuna pa kutandika mkeka.

Ningeweza kupiga simu, lakini ningekugombeza kabla hujaitikia salamu. Kwenye karatasi angalau najizuia.

Kikundi chetu cha kubangua korosho kimenipa kazi ya kuangalia watu wanatusema nini mitandaoni. Witness, binti wa ofisini, ndiye aliyenifundisha. Ukiandika jina ndani ya alama za kunukuu, linakuja jina hilohilo zima, halikatwikatwi. Ukibandika alama ya kutoa mbele ya neno, kila chenye neno hilo kinaondoka. Wanaotusifu na wanaolalamika kuwa korosho zimeungua, wote nawaona nimekaa kitako.

Basi nikaandika jina lako lote. Nisamehe. Wakaja wateja wa vitenge vyako: "dada bei gani", "dada mnatuma Geita", chungu nzima. Nikaliondoa neno dada. Hapo ndipo nilipomwona jirani yako Irene.

Ameandika kwenye ukurasa wake, kila mtu asome, kukupongeza kwa mimba ya miezi saba. Tena kwamba ukijifungua atakukanda yeye kwa maji ya moto, arobaini nzima. Watu sitini na wawili wamemwekea kopa. Mimi niliyekubeba mgongoni tangu mama afariki, nimepata habari nyuma ya watu wa Geita.

Mwanaisha, niliona wivu mpaka chakula kikanishinda. Nikaikuza picha yake nimwone vizuri. Vile vimikono vitakanda nini? Siku tatu sikumjibu mtu vizuri, hata Bakari akaniuliza amekosa nini.

Siku ya nne Witness akaona nilivyoandika, akacheka. "Mama Zuberi, neno dada umeliondoa, sasa wewe mwenyewe utajionaje?"

Nikaifuta ile alama. Likaja andiko lako la siku ileile aliyoandika Irene: jamani nipongezeni taratibu, dada yangu Mtwara hajui bado, zile mimba mbili zilizotoka alilia kuliko mimi, naogopa kumliza tena.

Ni kweli nililia. Lakini nani alikwambia nimechoka kulia nawe? Na wivu bado ninao, sikufichi.

Nisalimie shemeji Hamisi. Mama mkubwa Hawa wa Madimba anakusalimu sana. Nimemwambia habari yako, naye anajifanya aliijua zamani.

Irene naye msalimie. Mwambie namshukuru, mkaa awashe yeye, maji achemshe yeye, sina ugomvi. Mimi nimeshakata tiketi ya basi, nafika mwezi ujao, na mikono itakayokukanda ni yangu.

Mungu akujalie ujifungue salama, mtoto alie na sisi tucheke. Na ikiwa vinginevyo, Mungu aepushe, safari hii tutalia chumba kimoja.

Wako akupendaye kwa wivu wote,
Dada yako Husna