Plagi ya Mzee Mokaya

Mpendwa Mama Drusilla,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu siku hiyo tunakutana Silibwet sisi watu wa pikipiki za zamani, kila mtu na yake aliyoifufua, na mimi nakuja na ya marehemu baba yangu, Opondo, na hiyo furaha imeniletea shida. Baba alipofariki nilikuwa mtoto, mama akaturudisha kwao upande wa ziwa, pikipiki ikabaki kwa Mzee Mokaya, rafiki yake wa kiwanda cha majani chai, na huyu mzee aliifunika magunia kwake Roret, akiipaka oili, akifukuza watu wa vyuma vikuukuu hata miaka ile watoto wake walikosa karo, mpaka nikawa mtu mzima nikaja kuichukua. Mama, sina maneno ya kumshukuru. Niliitengeneza yote, injini, tangi, kiti, taa ya mbele nikaitafuta mpaka Nairobi, na nilipomuuliza mzee nimpe nini alikataa kila kitu, akasema, "Kijana yangu, mimi nataka kuiendesha mara moja tu, hapo Silibwet, watu wakiona." Shida ni macho. Yameingia ukungu, juzi alisimama akasalimia gunia la chai. Nikashindwa kumwambia hapana. Alipokuja kujaribu nilikuwa nimetoa plagi ya kuwashia injini nikaitia mfukoni, akapiga kiki mpaka jasho likamtoka, nami nikasema imeharibika. Hakukasirika. Jana binti yake Esnah akaniletea kitambaa, ndani mna plagi ya zamani lakini safi, baba yangu aliiacha ya akiba na mzee ameitunza miaka yote hiyo, ati nijaribu hiyo. Nililia hapo hapo mbele ya Esnah. Nikimwachia aendeshe ataumia, nikimkataza nitakuwa nimemlipa shukrani ya punda. Nifanye nini?

Jackton, Kericho

Jackton,

Pole, lakini aibu pia! Mzee anapiga kiki mpaka jasho linamtoka na plagi iko mfukoni mwako? Ningekuwa karibu ningekuvuta sikio. Najua ulifanya hivyo kwa kumpenda. Lakini mtu aliyekutunzia urithi wako namna hiyo haongopewi, anaambiwa ukweli.

Basi sikiza. Leo, si kesho, funga kwenye injini hiyo plagi aliyokutumia, nenda Roret, kunywa chai yake, umwambie ulichofanya na kwa nini. Atakucheka au atakufokea, vumilia yote mawili. Umwambie wazi kwamba Jumamosi hataendesha, maana hapo Silibwet kutajaa watoto wa watu. Lakini kiki apige yeye, injini iwake kwa mguu wake, watu wakiona. Kisha umpakie nyuma mzunguke uwanja mzima, na wakiuliza hii pikipiki ilipona vipi, wewe nyamaza, mwache mzee aeleze mpaka achoke.

Sasa kuna jambo limenishangaza. Injini umetengeneza, tangi umetengeneza. Taa ya pikipiki umeifuata mpaka Nairobi. Macho ya mzee je? Ukungu kama huo mara nyingi ni mtoto wa jicho, na madaktari huutoa. Jumatatu umpeleke kliniki ya macho wewe mwenyewe, usimtume Esnah. Na pikipiki usiiuze wala usiiazime mtu, zamu ya mzee bado iko.

Yeye alingoja wewe ukue. Sasa wewe ngoja yeye aone.

Mama Drusilla