Jina Litakaloitwa Ukumbini

Chuoni, Dar es Salaam

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimekuachia? Na salfa ya mikorosho mmemaliza kupuliza, au baba bado anasubiri bomba la kuazima? Mimi sijambo, ila moyo umekuwa mzito.

Nianze na lililo jema. Nimemaliza mitihani ya mwisho ya uhandisi wa kompyuta na sijafeli hata somo moja. Kampuni niliyofanyia mafunzo kwa vitendo imeniahidi kazi, mradi niwapelekee cheti mara tu baada ya mahafali. Nilifurahi mpaka chakula kikanishinda.

Sasa chuo kinasema cheti kitaandikwa jina lililo kwenye vyeti vya sekondari. Yaani Mashaka. (Zaituni mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, hapo shusha sauti.) Si mliniandikisha shule kabla sijaenda jandoni? Niliporudi Mjomba akanipa jina la Saidi, na tangu siku ile hakuna mtu huko Likunja anayethubutu kuniita lile la utotoni. Hapa wananiita hilo kila siku na nanyamaza, maana hawajui wanachosema. Mjomba anajua. Na ndiye aliyetangaza Chinongwe nzima kwamba atakuja kwenye mahafali kunishuhudia.

Nilimweleza mwalimu anayesimamia kazi yangu ya mwisho, ambayo ni programu ya kutunza majina ya wakulima wa korosho. Tulishawahi kubishana kuhusu majina nilipokuwa naitengeneza.

“Mtu mmoja, jina moja,” alisema.

“Mwalimu, kwetu mtu mzima anayo mawili, na ukimwita la kwanza, la kabla ya jando, umemtukana, mnagombana.”

Alicheka, akaniruhusu niongeze nafasi ya jina la pili. Lakini kuhusu cheti changu alitikisa kichwa. Kubadili jina kunataka kiapo mahakamani, kisha vyeti vyote virekebishwe kuanzia cha kidato cha nne. Mpaka yaishe, ile kazi itakuwa imeshachukuliwa na mwingine.

Nimefikiri sana, mama. Kuna siku nilikaa mbele ya kompyuta mchana kutwa bila kugusa kitu. Mwishoni nimekubali cheti kitoke na jina lile la utotoni. Kazi hii nimeisotea, siwezi kuiachia ipite. Lakini naona aibu, na ninamwogopa Mjomba kuliko nilivyowaogopa wasahihishaji wote wa hapa.

Nakuomba uende Chinongwe mwenyewe ukazungumze na kaka yako. Usimtume mtu, wala usimwache ajue akiwa ukumbini. Akinuna, mwache anune, unamjua. Akishatulia ndipo umweleze habari ya kazi.

Nisalimie baba. Nisalimie bibi, mwambie nakula vizuri, asiwasumbue wasafiri kwa kuwabebesha mihogo mikavu ya kuniletea. Na shangazi wa Nachingwea ukipita sokoni kwake.

Mjomba mwambie aje, tafadhali. Jina lile likiitwa, likamuuma akainuka kutoka, sitamlaumu. Nitashuka jukwaani na joho langu hivyo hivyo, nimfuate mpaka nje, anipongeze huko kwa jina alilonipa yeye.

Ni mimi mwanao,
Saidi