Mlango Anaoufungua Mama Mwenyewe

Nyumbani kwa dada yako,
Chumba cha mbele, karibu na dirisha,
Jumapili, tarehe 9.

Kwa Mjomba wangu mpendwa na mheshimiwa sana,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima, mimi mpwa wako, fundi seremala, ninakuandikia kwa kusudi moja tu: kukuomba uufikirie upya uamuzi wako wa kumhamishia Mama kwako. Hata hivyo, haifai mtu kuingia na ombi kabla ya hodi, kwa hiyo ninaanza na hali. Je, goti lako limetulia? Mkazamjomba anaendeleaje na kifua chake? Huku mke wangu hajambo, mimi sijambo, naye Mama, kwa kauli yake mwenyewe, "nusu ni mzima na nusu ya pili inajifunza."

Barua yako tuliipokea, nami nikamsomea. Aliomba aisikie tena, kisha akaenda jikoni kuosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi.

Mjomba, ninaielewa hofu yako. Ulipokuja mara ya mwisho ulibisha hodi hadi vidole vikakuuma, naye alikuwa sakafuni upande wa pili, kiharusi kimemlaza, anakusikia na hawezi kulifikia komeo. Ubao ulioupasua kwa bega lako ningali nao karakanani. Ndugu aliyelazimika kuuvunja mlango wa dada yake ana haki ya kuhofu. Ndiyo maana nimeona ni wajibu wangu kukueleza kwa ukamilifu yaliyofanyika katika nyumba hii tangu siku hiyo.

Nilianza na vishikio vya mbao ukutani, kutoka kitandani hadi chooni na jikoni. Mama aliposikia kwamba atapimwa, alioga, akavaa gauni la kutokea na viatu vyenye visigino, akaegemea kabati na kusimama wima kana kwamba anapigwa picha. Mimi nikaandika vipimo kwa furaha. Kazi ilipokamilika, vishikio viling'aa vizuri mno, lakini mkono wake ulikuwa ukipita chini yake bila kuvigusa.

"Mama, mbona hukuvua viatu nilipokupima?" nilimuuliza.

"Ulikuja na futi, Mheshimiwa. Ulitaka nipimwe pekupeku, kama maiti?"

(Mheshimiwa ndilo jina analonitania nalo, eti kwa sababu ya lugha yangu.)

"Sasa tufanyeje?"

"Ng'oa. Na safari hii usinitangazie."

Niling'oa. Kila seremala ana unga wa chaki wa bluu, ule unaopakwa kwenye uzi wa kupigia mstari. Asubuhi moja nilimpaka Mama unga huo kwenye kiganja cha kulia, ambacho ndicho chenye nguvu, nikamwomba aendelee na shughuli zake kama kawaida, nami nikaenda zangu kazini. Niliporudi, nyumba ilikuwa imejaa viganja vya bluu, vyote chini kuliko nilivyodhani: kwenye miimo ya milango, ubavuni mwa kabati, hata kwenye mgongo wa kiti changu cha kulia chakula. Kimoja kilikuwa shavuni mwa mke wangu, naye akaapa kwamba hicho hakikuwa cha kujishikilia.

Palipokuwa na kiganja, ndipo nilipoweka kishikio. Viganja vingi zaidi vilikuwa pembeni mwa dirisha la mtaani, mahali ambapo kwa akili zangu nisingepigilia hata msumari. Kumbe husimama hapo kila siku kubishana na fundi cherehani wa nyumba ya pili. Sasa pana kishikio kirefu na kiti cha kukunja, na ubishi umeongezeka.

Vitasa vya duara nimeviondoa. Vilivyopo sasa ni virefu, vinabonyezwa hata kwa kiwiko. Birika limekaa ndani ya fremu ya chuma inayoinama. Halinyanyuliwi; linasukumwa kwa kidole na maji yanaingia kikombeni. Wageni wanaletewa chai na mwenye nyumba, na ole wake atakayeinuka kumsaidia.

Sasa nije kwenye mlango. Kutoka kwenye komeo nimepitisha kamba juu ya magurudumu madogo hadi kitandani, jikoni na bafuni, na ncha zake zinaning'inia karibu kabisa na sakafu, ili aliyeanguka azifikie. Ukivuta, komeo linafunguka na kengele inalia kwa fundi cherehani.

Mama alikataa katakata nimlaze chini kwa majaribio. Alisema amewahi kulala pale na inatosha. Nikalala mimi, akalala mke wangu, na kila tulipovuta fundi cherehani alikuja mbio na mkasi mkononi. Juzi, bila kuambiwa na mtu, Mama alijishusha polepole kwa kishikio, akalala ubavu, akavuta. Mlango ukafunguka. Mjomba, nimetengeneza makabati ya watu wakubwa, lakini sijawahi kuona fahari kama ile.

Kwako kuna lifti na vitu vizuri vya kubonyeza. Sivibezi hata kidogo. Ila viganja vyake viko huku.

Nilipomuuliza nikuandikie nini kwa niaba yake, alisema: "Mwambie kaka aje abishe hodi. Na safari hii asitumie bega."

Mke wangu anakusalimu sana, na fundi cherehani pia, ingawa hamjuani. Mfikishie mkazamjomba heshima zangu na umpe pole. Mungu akuzidishie afya na akulinde uingiapo na utokapo.

Kwa hayo machache, ninaomba uamuzi wako: dada yako abaki nyumbani kwake, au ahamie kwako?

Mpwa wako akupendaye na kukutii,
Fundi seremala