Jina la Jerusa Halitoki

Litein, 3 Februari 1998

Kwako Nyaberi,

Salamu nyingi kutoka kwa mimi tata yako, baba aliyekuzaa. Niko mzima kama ng'ombe ya chifu. Meno imebaki tano, lakini hiyo tano inafanya kazi ya thelathini. Wewe je? Hiyo baridi ya Uswidi imekuachia masikio?

Naandika na mkono yangu mwenyewe. Gumbaru, ile shule ya watu wazima, nilisoma miezi mitatu, mwalimu akaona hana kitu imebaki ya kunifundisha, akahama.

Sasa ni mama yako Jerusa. Ile uvimbe ya shingo imekuwa kama kiazi ya Molo. Anakunywa uji tu, na usingizi anapatia kwa kiti. Daktari wa kupasua anakuja hospitali mara moja kwa mwezi. Kompyuta inatoa orodha ya wale ataona, wanabandika mlangoni. Tumeenda Oktoba, Novemba, Desemba, Januari. Jina ya Jerusa haitoki. Watu walikuja nyuma yake wamepasuliwa, wamepona, wanatupita na shingo nyembamba. Nikamwambia labda yeye ni malaika, ndiyo maana kompyuta haimuoni. Alicheka mpaka akakosa pumzi. Nilijuta.

Na hiyo programu si ni ile yenu, ile mliandika huko chuo mkapatia mahospitali bure? Litein yote inajua, nimewaambia mimi. Hebu iulize mama amekosea nini. Daktari anarudi tarehe kumi na mbili Machi.

Ni mimi Tata, Gekara, bingwa wa kuchuma chai tangu 1961 mpaka vidole ikakataa.

*

Uswidi, 24 Februari 1998

Tata mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, masikio yako mahali pake. Mama anaendeleaje na pumzi?

Barua yako imefika leo na nimeshaiuliza kompyuta. Kuna amri naandika kwenye skrini nyeusi, haina picha, maneno tu. Naitajia jina la programu, inaniletea malalamiko yote ambayo watu wametuma kutoka kila nchi, kila moja na namba yake na jibu lake. Nikaandika neno "orodha". Ikaleta moja.

Ni la nesi anaitwa Marcella, wa hospitali nyingine hapo Kenya, Mei mwaka jana. Anasema mgonjwa asiye na tarehe ya kuzaliwa hatoki kwenye orodha, na wazee wake wengi hawaijui. Chini kuna jibu: "Hili si kosa la programu. Kila mtu ana tarehe ya kuzaliwa. Jazeni. Lalamiko limefungwa."

Tata, aliyejibu ni mimi. Jina langu liko hapo. Nilikuwa na malalamiko sitini siku hiyo, nikataka yapungue. Mimi, ambaye mama yangu anasema alizaliwa mwaka mvua ya mawe ililaza wimbi shambani.

Nimepiga simu hospitali tangu asubuhi, watu wa simu wanasema mvua imekata laini. Ukipata hii usimalize kuisoma. Kimbia kwa karani, mwambie aandike tarehe yoyote. Yoyote, Tata.

Mwanao, Nyaberi.

*

Litein, 14 Aprili 1998

Kwako Nyaberi,

Salamu. Mimi niko.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na sita Machi, barabara ilikuwa imekatika. Mama yako tulikuwa tumezika tarehe kumi na tisa. Ile kumi na mbili tulienda, jina haikutoka. Siku tatu baadaye, saa nne asubuhi, kwa hiyo kiti yake, aliniomba maji. Nikaleta. Hakuyahitaji.

Hata hivyo nilipeleka barua kwa karani, Elmina. Alisoma akakaa chini. Watu hawana tarehe walikuwa kumi na mmoja. Wote akawaandikia Januari mosi, ikawa kama walizaliwa na mama mmoja. Kwa haraka akajaza na ya Jerusa. Juzi orodha ikabandikwa, na jina ya kwanza kabisa ni yeye. Mzee mmoja wa Kabianga akanishika mkono: "Mzee, wako ameitwa." Nikamwambia asante.

Sasa kuna kitu sikukuandikia. Januari huyo Elmina alitaka kuongeza jina ya mama yako na kalamu, hapo chini ya orodha. Mimi nikamkataza. Nikasema hiyo mashini ni ya kijana yangu, haiwezi kosea, usiharibu kazi yake na Biki. Watu walicheka, na mimi nikasimama hapo nimefura kama jogoo. Mama yako alinivuta koti. Nikafikiri anataka twende nyumbani.

Kwa hivyo usibebe peke yako.

Tata.

*

Litein, 20 Septemba 1998

Kwako Nyaberi,

Salamu. Hii ni barua ya nne kutoka Aprili, na yako haijakuja hata moja. Posta wananiona nikikuja wanatikisa kichwa kabla sijafika.

Watu wanakuja kuketi hapa wakitaka hadithi. Nawaambia meno inauma. Wanaamini, kwa sababu sijawahi nyamaza.

Kama ni aibu inakuzuia, usiandike mambo ya mama. Usiandike ya kompyuta. Andika umekula nini jana. Kama hukukula, andika hukukula. Mimi nitasoma.

Tata yako.